Maswali ya wasomaji: vyeti vya SAP, Oracle na wenzake, nianze na kipi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya watu wa Dar wanaotafuta vyeti vya mifumo mikubwa ya makampuni, ile inayobeba uhasibu, stoo, manunuzi na mishahara kwa pamoja, basi barua zikaja nyingi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua sita. Ambao sijawajibu msinune, mengi mliyouliza yamo humu humu.

"Dada habari za kazi. Mimi ni mhasibu kwenye kiwanda huku Vingunguti, nina miaka 29, CPA nimebakiza masomo mawili. Miaka yote tunatumia programu ya uhasibu ya Tally, sasa uongozi umesema mwakani tunahamia SAP na bosi wangu kasema mwenye cheti ndio ataingia kwenye timu ya projekti. Nimeenda sehemu moja mjini wameniambia milioni nne na nusu, wiki sita, na cheti ni uhakika. Nikope kikoba nilipe au nifanyeje?" Mhasibu, Vingunguti

Nzuri mdogo wangu, na hongera kwa kubakiza mawili maana najua yanavyotesa. Kikoba usikiguse kwanza, nisikilize.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni hilo neno uhakika. Mtihani wa SAP unatungwa na SAP wenyewe, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa 1972 na jamaa watano waliotoka IBM, na matokeo wanatoa wao, sasa mtu wa Posta hapa anakuhakikishia vipi kitu ambacho hakiko mikononi mwake? Mara nyingi anachokuhakikishia ni karatasi yake, cheti cha kuhudhuria kozi, kina muhuri na kimepambwa vizuri, ila konsalta, mshauri anayefunga mifumo hii, akikishika anajua hapo hapo kwamba hiki sio cha SAP. Kwa hiyo rudi ukawaulize, na wakujibu kwa maandishi: hiyo milioni nne na nusu ina ada ya mtihani wa SAP ndani yake au haina? Cheti kitatoka kwa jina langu kwenye akaunti yangu, chenye linki ambayo mwajiri akibonyeza anakiona? Na mnafundishia mfumo upi, ECC au S/4HANA?

Hilo la mwisho ndio watu wengi wanaumia. ECC ni mfumo wa zamani, SAP wameshatangaza kwamba huduma ya kawaida inaisha mwisho wa 2027, na anayetaka kuongezewa muda mpaka 2030 anaongeza hela. S/4HANA ilitoka 2015 na kwa upande wetu wa uhasibu imebadilisha mambo ya ndani kabisa, zamani leja ya fedha (FI) na hesabu za gharama (CO) zilikuwa zinakaa kwenye majedwali tofauti, mwisho wa mwezi mnatafutana kwanini hazilingani, sasa zimewekwa kwenye jedwali moja. Msambazaji na mteja nao wameunganishwa kuwa Business Partner, kwa hiyo aliyefundishwa kufungua msambazaji kwa amri ya XK01 akiingia kwenye mfumo mpya anatupwa kwenye skrini nyingine kabisa anabaki ametoa macho. Kampuni inayoanza mwakani ni vigumu sana ianze na ECC, na wewe ukilipa kusoma ECC utakuwa umenunua ramani ya mtaa uliobomolewa.

Halafu kuna kitu tayari unacho na sidhani kama unakipa uzito. Chukua mzigo wa malighafi wa milioni 20 umeingia stoo kwenu. Mtu wa stoo anapokea kwa amri ya MIGO, pale pale mfumo unadebiti stoki unakrediti akaunti moja inaitwa GR/IR, maana mzigo umefika ila invoisi bado. Invoisi ikija wewe unaiingiza kwa MIRO, unadebiti GR/IR unakrediti msambazaji, ile akaunti ya katikati inarudi sifuri. Sasa invoisi ikija milioni 21, hiyo moja inaenda wapi? Kama bidhaa iko kwenye bei ya wastani na mzigo bado upo, inaingia kwenye thamani ya stoki, kama iko kwenye bei ya kudumu inaenda akaunti ya tofauti ya bei. Umeona? Hapo hakuna kompyuta, hapo ni uhasibu wako wa CPA umevalishwa skrini. Kijana wa IT itamchukua miezi kuelewa kwanini GR/IR ya mwaka jana haijasafishwa, wewe unaielewa ukiwa kwenye mwendokasi unarudi nyumbani. Ndio maana nasema wewe njia yako ni ya konsalta wa upande wa biashara, moduli ya fedha, na usikubali mtu akupeleke kusoma vitu kumi.

Nakushauri hivi. Yale masomo mawili ya CPA yamalize kwanza, bodi ya wahasibu, NBAA, wanatahini Mei na Novemba, chagua tarehe uifunge. Jioni ingia kwenye tovuti ya mafunzo ya SAP yenyewe, mtiririko wa masomo ya fedha ya S/4HANA upo pale unausoma bure, kinachouzwa ghali ni mfumo wa kufanyia mazoezi na mtihani wenyewe. Halafu mwandikie bosi wako barua rasmi, sio maongezi ya kwenye korido, uombe kuwa kii yuza wa fedha. Kii yuza ni yule mtumiaji wa ndani anayekaa na makonsalta tangu siku ya kwanza, anaeleza kampuni inafanyaje kazi, anajaribu mfumo, baadaye anawafundisha wenzake, na mafunzo yake kwa kawaida yanakuwa kwenye bajeti ya projekti. Omba na ada ya mtihani humo humo. Mwambie kwa heshima kabisa kwamba cheti unakitaka ila utakifanya ukiwa ndani ya projekti, mikono ikiwa kwenye mfumo. Mimi nimekaa kwenye projekti hizi miaka mingi na walionipita wengi hawakuanza na cheti, walianza kama kii yuza wasumbufu wanaouliza maswali mpaka konsalta anawakimbia.

"Sista mambo. Nimemaliza digrii ya IT mwaka juzi niko Mbezi Luis sina kazi. Nataka SAP upande wa kodingi, ABAP. Kuna grupu la Telegram wanauza madampu ya mtihani kwa elfu thelathini, wanasema ukikariri yote unapita. Wenzangu wawili wamepita hivyo hivyo. Wewe unasemaje?" Kijana wa Mbezi

Poa mdogo wangu. Nasema hapana, tena kwa herufi kubwa, na naomba uniamini maana hili naliona kila mwezi.

Kwanza ujue unachonunua, madampu ni maswali ya mtihani yaliyovujishwa. Kila mtihani wa hizi kampuni, uwe wa SAP, Microsoft au Oracle, kabla hujaanza unakubali masharti kwamba maswali ni siri. Anayeyauza amevunja na wewe unayeyatumia umevunja, wakigundua cheti kinafutwa na unaweza kufungiwa kufanya mitihani yao, sasa ukiwa na miaka 25 ukafungiwa na kampuni ambayo ndio ulitaka ikulishe maisha yako yote unaenda wapi? Pili hayo madampu majibu yake mengine ni ya uongo, hakuna anayeyahakiki, yanazunguka tu grupu hadi grupu.

Lakini linaloniuma zaidi ni kinachotokea baadaye. Nimeshakaa upande wa pili wa meza ya intavyuu. Anaingia kijana, CV ina cheti, amepiga tai. Namuuliza kitu cha hapa hapa kwetu, kuna mtu ametufanyia kazi ya ushauri ya milioni 10, tunatakiwa tukate asilimia 5 ya kodi ya zuio tuipeleke TRA, niambie kwenye mfumo utaipanga ikatwe wakati invoisi inaingizwa au wakati inalipwa, na kwanini? SAP inaruhusu zote mbili, unachagua unavyotengeneza aina ya kodi. Yule wa madampu anakodoa, maana swali hilo halikuwepo kwenye PDF. Na mimi sifurahi kabisa, namuona mtu ambaye mama yake ameuza kitu ili alipe ule mtihani.

Wewe kwa kuwa ni mtu wa kodingi una bahati ambayo mhasibu wa Vingunguti hana: mazoezi yako yanapatikana bila hela. SAP wana akaunti ya majaribio ya jukwaa lao la wingu, BTP, ndani yake kuna mazingira ya ABAP, unaunganisha na Eclipse, programu ya kuandikia, kwenye laptopu yako unaandika programu halisi. Bando za usiku hizo unajua mwenyewe namna. Wapo pia wanaokuuzia akses ya sava ya SAP kwa elfu hamsini kwa mwezi, achana nao, wengi wao hawana haki ya kuuza kitu hicho na siku ikizimwa hakuna wa kumdai.

Ila niwe mkweli kwako. Nafasi za ABAP kwa Dar sio nyingi kihivyo, zimekaa kwenye kampuni kubwa chache na kwa wale wanaofunga mifumo, wakati huko mtaani, Kariakoo, Chang'ombe, barabara ya Nyerere yote, kuna biashara za kati kibao ambazo haziwezi kununua SAP na zimechoka na makaratasi. Hao ndio wateja wa Odoo, ERPNext na Business Central ya Microsoft. Odoo ni ya Ubelgiji, imeandikwa kwa lugha ya Python, toleo la jamii unalipakua bure leo hii ukiwa hapo Mbezi. ERPNext imetoka India, nayo ni Python na nayo msimbo wake uko wazi. Ukipakua utaona sehemu ya mishahara inabidi uiongeze pembeni, na haijui kodi ya PAYE ya kwetu, haijui NSSF asilimia 20 inayogawanywa kati ya mwajiri na mfanyakazi, haijui tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5 kwa mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea, haijui makato ya bodi ya mikopo asilimia 15, na risiti ya TRA haiijui kabisa. Basi hiyo ndio kazi yako. Kaa nayo miezi mitatu uifundishe Tanzania, mtafute hata mwenye duka la spea umfungie bure, halafu fanya mtihani wa Odoo wenyewe, ambao unaenda na toleo, kwa hiyo angalia unafanya wa toleo jipya. Ukija kwenye intavyuu ukafungua laptopu ukanionyesha payiroli inayokokotoa SDL sawa sawa, mimi cheti nitakiuliza mwisho.

Na kama ndoto yako ni serikalini ujue huko mifumo mingi imejengwa hapa hapa nyumbani, malipo yako kwenye MUSE, manunuzi kwenye NeST iliyochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, makusanyo yanapita GePG ndio hizo kontroli namba. Huko cheti cha SAP hakikufungulii mlango, wanaangalia zaidi kama unaweza kujenga.

"Shikamoo dada. Mimi ni mtunza stoo Chang'ombe, nina diploma ya ugavi, umri 34, watoto wawili. Haya mambo ya vyeti vya kompyuta nayasikia kwa vijana wa ofisini, je na mimi yananihusu au nitapoteza hela ya ada za watoto?" Mama wa stoo

Marahaba mdogo wangu. Yanakuhusu kuliko unavyofikiri.

Nikusimulie. Kuna kiwanda kimoja tulikuwa tunawasha mfumo mpya, konsalta aliyekuja kwa upande wa stoo alikuwa na vyeti vitatu, kijana mzuri tu, lakini alipanga mzigo upokelewe kwa idadi ya mifuko wakati pale kila kitu kinapimwa kwenye mizani ya lori, na mifuko mingine inakuja imepasuka. Siku ya tatu stoki ya kwenye mfumo na ya chini haziongei. Aliyetuokoa ni mama mmoja mtunza stoo kama wewe, hana cheti chochote cha kompyuta, alichukua kalamu akachora mzigo unavyotembea kutoka getini, mizani, ukaguzi, hati ya kupokea mzigo (GRN), mpaka rafu, na tukaupanga upya kufuata ule mchoro wake. Mpaka leo nikifundisha watu wapya naanza na ule mchoro.

Kwa hiyo usianze na hela, anza na daftari. Andika kila hatua kuanzia oda ya manunuzi (LPO) mpaka mzigo unatoka kwenda kwa mteja, andika na zile hatua za pembeni, mzigo pungufu, mzigo uliorudishwa, mzigo uliofika bila LPO. Kisha hakikisha usajili wako wa PSPTB uko sawa na unapanda ngazi zao za mitihani, maana hiyo ndio bodi ya taaluma yako na waajiri wa huku wanaiuliza kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya hapo ndio chagua mfumo mmoja, na kwa bajeti ya mwenye ada za watoto mimi ningekupa Business Central. Mafunzo yake yote yako kwenye tovuti ya Microsoft Learn bila malipo, mfumo wenyewe unajiandikisha kuujaribu siku 30 bure unakuja na kampuni ya mfano inaitwa CRONUS ina stoo, wasambazaji, bidhaa, kila kitu, unapokea na kutoa mzigo mpaka uchoke. Mtihani wake unaitwa MB-800, alama za kupita ni 700 kwenye 1000, na cheti kinahuishwa kila mwaka kwa jaribio la mtandaoni ambalo hulipii. Unagusa na uhasibu kidogo, usiogope, muulize mhasibu wenu wakati wa chai. Jipe miezi nane, usijipe miwili, una watoto.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa miaka 53, nina MCSE ya mwaka 2003 na cheti cha Oracle cha databesi toleo la 9i. Vijana ofisini wananiambia vyeti vyangu ni vya makumbusho. Ni kweli nianze upya?" Mzee wa Tegeta

Shikamoo baba. Hao vijana wangechagua maneno ya heshima zaidi, ila kuhusu karatasi wana sehemu ya ukweli. Microsoft walifunga familia yote ya vyeti vya MCSE na MCSA tarehe 31 Januari 2021 wakahamia vyeti vinavyofuata majukumu ya kazi, kuna vya msingi, vya kati na vya juu, na hivyo vya kati na vya juu vinaisha kila mwaka usipovihuisha. Cha Oracle 9i kinaonyesha ulijua nini wakati ule, mwajiri wa leo anataka kuona toleo la 19c au kuendelea pamoja na wingu.

Lakini kuanza upya hapana baba. Bekapu, urejeshaji, indeksi, foleni za kufuli kwenye databesi, hayo uliyoyajua 9i ndio hayo hayo, yameongezewa tu, na vijana wengi wa sasa hawajawahi kurejesha databesi iliyokufa saa nane usiku na mkurugenzi amesimama mgongoni. Oracle wanatoa mafunzo ya msingi ya wingu lao bure kwenye tovuti yao ya MyLearn, anza na hayo wiki chache, halafu uende kwenye cheti cha msimamizi wa databesi cha toleo jipya. Kimoja tu. Na kama kampuni yenu ina mfumo wa Oracle E-Business Suite basi wewe ni lulu, maana wanaoijua kwa undani wanazidi kupungua na siku ya kuhamia mfumo wa wingu lazima awepo anayejua data imekaa wapi. Hilo liandike juu kabisa ya CV yako, kabla ya vyeti.

"ITIL, PMP au CISA, ipi ina hela?" Sms bila jina

Ni kazi tatu tofauti. ITIL ni utaratibu wa huduma za IT, ulizaliwa serikalini Uingereza miaka ya 80, mtihani wa msingi wa ITIL 4 una maswali 40 kwa dakika 60 unapita ukipata 26, unawafaa watu wa helpdeski na sapoti na hauhitaji uzoefu. PMP ni ya kuongoza miradi, wanataka miezi 36 ya kuongoza miradi kama una digrii, pamoja na saa 35 za mafunzo, kwa hiyo usilipe kama hujawahi kuongoza mradi. CISA ni ya chama cha ISACA, ukaguzi wa mifumo, maswali 150 kwa saa nne, unaweza kufaulu kwanza ila cheti hupewi mpaka utimize uzoefu wa miaka mitano, ingawa baadhi ya miaka inapunguzwa kwa elimu uliyonayo. Kwa mhasibu au mkaguzi aliyechoka na vocha na anapenda mifumo, CISA ndio ningempa. Wewe hujaniambia unafanya kazi gani, niandikie tena useme.

"Dada, mtihani nimelipia nimechagua kufanyia nyumbani Kimara, kuna kitu cha kujiandaa?" Msomaji, Kimara

Kama bado unaweza kubadilisha, hamishia kwenye kituo cha mitihani mjini, vipo. Nakwambia kwa yaliyonikuta. Mimi mtihani mmoja niliufanyia nyumbani Sinza, nilikuwa nimesoma miezi minne, niko swali la 50 na kitu najiona kabisa napita, umeme ukakatika. Laptopu ina chaji lakini ruta imezima, nikawa nahangaika kuwasha data ya simu wakati masharti yanakataza kushika simu, kurudi nikakuta msimamizi wa mtandaoni ameshafunga kikao. Hela ilienda, na ilinichukua miezi mitano kupata moyo wa kukaa tena. Nililia, sifichi.

Kama huwezi kubadilisha basi jipange kama unaenda vitani. Nunua LUKU ya kutosha jana yake, ruta iweke kwenye pawabenki yake au UPS ndogo. Chagua saa ya asubuhi sana kabla jirani hajafungulia mziki, na ukisikia kuna kigodoro mtaani wiki hiyo ahirisha mapema kabla muda wa kuahirisha bila hasara haujapita. Chumba kiwe na wewe peke yako, meza iwe tupu kabisa, hata karatasi ya vitumbua usiiache, maana watakuambia uzungushe kamera chumba kizima. Mtoto akifungua mlango kuuliza remoti iko wapi wanaweza kukusimamishia mtihani, kwa hiyo watoto waende kwa bibi yao. Usisome swali kwa sauti na usizibe mdomo kwa mkono ukiwa unafikiria, mimi nina tabia hiyo nilionywa mara mbili. Laptopu ya ofisini usiitumie, ulinzi wa kampuni mara nyingi unaizuia ile programu ya mtihani, na lile jaribio la mfumo lifanye siku tatu kabla kwenye laptopu ile ile, intaneti ile ile, chumba kile kile.

La mwisho na hili limewaangusha wengi kuliko umeme: majina. Fungua akaunti yako ya mtihani sasa hivi uweke na kitambulisho pembeni, uangalie herufi kwa herufi. Kama pasipoti au kadi ya NIDA ina majina matatu na wewe kwenye akaunti umejiandikisha mawili, au umeandika jina la mume na kitambulisho bado kina la baba, watumie ujumbe leo warekebishe, kwa sababu siku ya mtihani pale mlangoni, iwe mlango wa kituo au wa kamera, hawana ruhusa ya kukurekebishia.